Usalama wa Vipandikizi vya Wanawake: Malalamiko ya Mgonjwa ni Sehemu ya Udhibiti

Kipandikizi cha uzazi wa mpango, ambacho wengi hukiita kijiti, huwekwa chini ya ngozi ya mkono wa juu kwa dakika chache na hufanya kazi kwa miaka kadhaa. Mwanamke wa Nyakisasa, wilayani Ngara, anaweza kuacha vidonge siku yoyote apendayo. Kijiti hawezi kukitoa mwenyewe. Kwa hiyo anayo haki ya kujua ni nani anayethibitisha usalama wa kifaa hicho, na ni nani anayemsikiliza baada ya kuwekewa.

Sheria nyingi za vifaa tiba zilizaliwa na madhara yaliyowapata wanawake. Kitanzi kilichoitwa Dalkon Shield kilianza kuuzwa Marekani mwaka 1971, wakati ambapo sheria ya huko haikudai kifaa cha aina hiyo kithibitishwe kabla ya kuuzwa. Uzi wake ulikuwa wa nyuzi nyingi ndani ya ala moja, na bakteria waliweza kupanda kati ya nyuzi hizo hadi kwenye mji wa mimba. Mauzo nchini humo yalisimamishwa mwaka 1974, na mwaka 1976 ikatungwa sheria ya kudhibiti vifaa tiba. Madai yaliyowasilishwa dhidi ya kampuni hiyo yalizidi 300,000.

Hata hivyo, idhini pekee haitoshi. Essure, kifaa cha kuziba mirija ya uzazi, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2002. Wanawake waliopata maumivu na kutokwa damu waliungana na kudai wasikilizwe. Mamlaka ya huko iliitisha kikao cha wataalamu mwaka 2015, ikaagiza onyo kali mwaka 2016, na kampuni ya Bayer ikasitisha mauzo nchini humo mwishoni mwa 2018. Majaribio ya awali huhusisha watu wachache kwa muda mfupi; dosari nyingine huonekana tu kifaa kinapotumiwa na wengi.

Historia hiyo haimaanishi kwamba vijiti ni hatari. Kati ya wanawake 100 wanaovitumia, hupata mimba chini ya mmoja kwa mwaka. Mabadiliko ya hedhi ni ya kawaida, ingawa mwanamke anayesumbuliwa nayo anastahili ushauri na matibabu. Anayetumia dawa ya efavirenzi aeleze mapema, kwa kuwa hupunguza nguvu ya kijiti.

Mwanamke arudi kituoni mara moja akiona usaha au uvimbe mahali kilipowekwa, ganzi mkononi, dalili za mimba, au asipokihisi kijiti anapopapasa.

Mtoa huduma naye asimjibu kwamba atazoea. Aandike jina la kifaa, namba ya bechi, tarehe ya kuwekwa na dalili alizoelezwa, kisha taarifa ifikishwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kijiti kisichopapasika kisitafutwe kwa kuchanachana ngozi; mgonjwa apewe rufaa. Na mwanamke anayeomba kutolewa kijiti atolewe, bila kutakiwa kwanza kuleta ruhusa ya mume wala kusubiri muda wake uishe. Malalamiko yasiyoandikwa hayaifikii mamlaka, na dosari iliyoonekana Nyakisasa itaonekana kana kwamba haikutokea.