Bunduki ya Misumari

Watoto, nyundo mnaijua. Lakini seremala wa siku hizi aweza kuwa na chombo kingine cha kupigilia misumari. Chombo hicho huitwa bunduki ya misumari.

Nguvu yake yatoka wapi? Bonyezeni gurudumu la baiskeli lililojazwa vizuri. Ni gumu, kwa sababu hewa imebanwa ndani. Hewa iliyobanwa ina nguvu nyingi. Hata migodini huendesha mashine za kutoboa mwamba. Hapa Nzilo, tangu miaka ya 1950, maji ya mto Lualaba huzungusha mashine za umeme. Umeme waweza kuendesha mashine ya kubana hewa. Mpira mrefu huipeleka hewa hiyo mpaka kwenye bunduki. Fundi akivuta kifyatulio, hewa husukuma kifimbo cha chuma, nacho hupiga msumari mara moja. Bunduki nyingine hazina mpira, hutumia betri.

Lakini bunduki hizi si za namna moja. Fundi mwenye akili huitazama kazi kwanza, ndipo huchagua chombo.

Ya kwanza ni bunduki kubwa. Misumari yake ina unene wa milimita 3 hivi na urefu wa milimita 50 mpaka 90. Ina vichwa. Hiyo ni ya boriti za paa na nguzo za ukuta.

Ya pili ni ya kati. Misumari yake ina unene wa milimita 1.6 au 1.8, na vichwa vidogo. Yafaa kwa fremu za milango na madirisha.

Ya tatu ni ndogo. Misumari yake ina unene wa milimita 1.2 tu. Yafaa kwa mbao nyembamba za urembo, kama ukingo wa kabati.

Je, fundi akikosea, hupatwa na nini? Akipiga msumari mnene katika ukingo mwembamba, mbao hupasuka, na kazi ya siku nzima huharibika. Akifunga boriti za paa kwa misumari myembamba, leo paa litaonekana zuri. Lakini upepo wa masika utakapokuja, misumari itang'oka, na paa laweza kuwaangukia watu waliolala.

Urefu nao hupimwa. Msumari uwe mara tatu ya unene wa ubao unaofungwa. Ubao ukiwa na sentimita 2, chagua msumari wa sentimita 6. Theluthi moja hukaa katika ubao wa juu, na theluthi mbili hushika mti wa chini. Lakini mti wa chini ukiwa mwembamba, ncha itatokea upande wa pili. Hapo chukua msumari mfupi zaidi.

Kwa mabati, fundi wetu huchukua nyundo na misumari yenye kofia pana. Nyundo haijastaafu!

Sasa sikilizeni neno kubwa. Bunduki hii hutoboa mkono kama inavyotoboa mbao. Tazameni namna mbili za vifyatulio vyake. Cha kwanza hutoa msumari mmoja baada ya fundi kugandamiza mdomo wa bunduki juu ya mbao, kisha kuvuta. Cha pili, fundi akikishikilia, hutoa msumari kila mdomo unapogusa kitu, hata kama ni goti lake. Hicho ni cha haraka, lakini hatari ya kujeruhiwa nacho ni mara mbili hivi. Anayejifunza achague cha kwanza. Avae miwani ya kazi. Afungue mpira au atoe betri kabla ya kuondoa msumari uliokwama. Nanyi watoto, msiiguse kamwe.

Maswali
1. Nini husukuma msumari katika bunduki yenye mpira?
2. Ubao una unene wa sentimita 3. Msumari uwe na urefu gani?
3. Kwa nini misumari myembamba haifai kwa boriti za paa?
4. Anayejifunza achague kifyatulio gani? Kwa nini?