Mkipumzika kisiwani, msirudi na kichocho

Kwa wanandoa wengi wa Kiabakari, likizo ni safari ya msibani, ya harusini au ya kwenda kuangalia shamba. Baba akitaja mapumziko ya ufukweni, wawili tu bila watoto, mama huwaza Zanzibar, na hesabu ya nauli humaliza mazungumzo hapo hapo.

Lakini kisiwa chenye jua, mchanga na upepo kipo karibu. Kutoka Kiabakari ni basi hadi Bunda, kisha barabara ya Kisorya, na hapo kivuko huwavusha abiria hadi Rugezi, Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria.

Mapenzi ya mume na mke si mageni kisiwani humo. Aniceti Kitereza, mwandishi wa Ukerewe, alimaliza mwaka 1945 riwaya ndefu kwa Kikerewe kuhusu Bwana Myombekere, anayemfuata mkewe Bugonoka ukweni baada ya ndoa yao kutikiswa na kukosa mtoto.

Mapumziko yana faida kwa afya. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huambatana na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kupata kiharusi, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. Sheria ya ajira ya Tanzania nayo humpa mwajiriwa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mwenye duka au shamba hana wa kumpa likizo, hivyo ni yeye na mwenzake kukubaliana.

Tatizo huanza wanandoa wanapovua viatu na kuingia majini.

Ziwa si bahari

Konokono wanaobeba vimelea vya kichocho huishi kwenye maji baridi, si kwenye chumvi ya bahari. Ndiyo maana anayeogelea baharini Zanzibar hapati kichocho, na anayeogelea Ukerewe au kwenye mwalo wowote wa Musoma anaweza kukipata.

Vimelea hutoka kwa konokono kukiwa na mwanga, hasa kuanzia asubuhi kupanda hadi mchana, saa ambazo wageni hupenda kuoga. Hupenya kwenye ngozi kwa dakika chache, bila kidonda wala maumivu. Wengine huhisi muwasho tu.

Wiki kadhaa baadaye, homa, kikohozi, uchovu na kuharisha vinaweza kufuata, hasa kwa mtu ambaye hakukulia kwenye maji hayo. Kwa kuwa ni homa, wengi hukimbilia dawa za malaria. Wengine hawaoni dalili yoyote, huku mayai ya minyoo yakiumiza utumbo na ini kwa miaka. Ugonjwa ukikomaa, tumbo huvimba na mgonjwa anaweza kutapika damu.

Peleka kipimo sahihi

Wengi wanajua kichocho kwa kukojoa damu. Hiyo ni aina moja, inayopatikana zaidi kwenye madimbwi, mabwawa na vijito. Kichocho kilichozoeleka ziwani ni cha tumbo, na mayai yake hutafutwa kwenye choo kikubwa. Anayepeleka mkojo peke yake anaweza kuambiwa yuko salama wakati anaumwa.

Aina ya mkojo nayo ina madhara kwenye ndoa. Mayai yake yanaweza kukaa katika via vya uzazi, mke akapata maumivu au kutokwa damu wakati wa tendo la ndoa, na mume akaona damu kwenye shahawa. Hapo mmoja humtuhumu mwenzake kuwa ameleta ugonjwa wa zinaa. Kabla ya kurushiana lawama, nendeni wote wawili kituo cha afya na mweleze maji mliyowahi kuoga.

Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na kiasi chake hutegemea uzito. Huua minyoo iliyokomaa, lakini haifanyi kazi vizuri kwa michanga. Kuimeza jioni ya siku mliyooga hakutoshi. Pimeni wiki 6 hadi 8 baada ya kutoka majini. Homa ikija mapema, msisubiri, na mama mwenye mimba amweleze mhudumu hali yake.

Raha bila kuingia ziwani

Ufukwe una raha nyingi zisizohitaji kulowa. Kaeni kwenye kivuli cha mwembe, tembeeni mchangani jua likipungua, kuleni sato wa kuchoma, zimeni simu na mzungumze yale ambayo nyumbani hukatizwa na watoto.

Kuoga, tumieni maji ya kisima kirefu au ya bomba yaliyotibiwa. Yakiwa ya ziwani, yachemsheni, au yahifadhiwe siku 2 kwenye chombo safi chenye mfuniko, kisicho na konokono. Mkipanda mtumbwi, vaeni buti badala ya kukanyaga maji kwa miguu mitupu.

Jaketi la kuokolea maisha livaliwe tangu mwanzo wa safari, lisikaliwe kama mto. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, zaidi ya watu 220 walifariki. Chombo kikijaa kupita kiasi, subirini kingine. Usiku laleni ndani ya chandarua, kwani malaria ipo kisiwani kama ilivyo Kiabakari.

Na kama mlishaoga kabla ya kusoma haya, msigombane. Hesabuni wiki 8 kwenye kalenda ya ukutani, wekeni alama, na siku hiyo mwende kupima pamoja.