Soda na peremende zilivyookoa kiwanda cha bia

MWAKA 1860 August Schell, mhamiaji kutoka Ujerumani, alianzisha kiwanda cha bia pamoja na Jacob Bernhardt katika mji mdogo wa New Ulm, Minnesota, nchini Marekani. Wateja walikuwa Wajerumani wenzao, watu wasiohitaji kufundishwa kunywa bia.

Pigo lilikuja mwaka 1920, pombe ilipopigwa marufuku nchi nzima. Viwanda vingi vilifungwa. Familia ya Schell ikageukia soda, peremende na bia isiyolevya, hadi marufuku ilipoondolewa mwaka 1933.

Mshindani wao mjini hapo, kiwanda cha Hauenstein, nacho kilivuka kipindi hicho, lakini kilifungwa mwaka 1969. Mwaka 2002 Schell walinunua Grain Belt, bia kongwe ya Minneapolis, na kiwanda bado ni mali ya familia.