Fremu ya Kupanga: Je, Mpangaji Aweza Kumpangisha Mwingine?



Tulipofika mlango wa ijara katika darasa la fiqhi, mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo nadhani alilitoa nyumbani. Mtu kapanga fremu ya duka kwa shilingi 200,000 kwa mwezi, kisha akampangisha mwenzake kwa 350,000 bila ya mwenye mali kujua. Je, ile 150,000 ni halali yake?

Ndugu wasomaji, mpangaji hanunui fremu, bali ananunua manfaa yake kwa muda maalumu. Kwa kuwa manfaa hayo ni yake, wanachuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi'i, wamemruhusu kumpangisha mwingine, hata kwa kodi ya juu zaidi. Mahanafi wamesema ile ziada aitoe sadaka, ila kama ameitengeneza mali ikaongezeka thamani.

Wengi huishia hapo, nao hukosea. Imam Nawawi katika Minhaj anamkataza aliyepanga nyumba kumwingiza humo mhunzi au dobi, maana kazi zao huidhuru nyumba kuliko mkaazi wa kawaida. (Dobi wa zama zile alizipiga nguo kwa gogo, si kwa mashine!) Kwa hiyo aliyepanga fremu ya kuuzia vitambaa hana haki ya kumwingiza fundi wa kuchomelea vyuma.

Kisha kuna sharti. Aya ya kwanza ya Suratul Maida inatuamrisha kutimiza mikataba. Viwango vya taasisi ya AAOIFI ya Bahrain, vinavyofuatwa na benki nyingi za Kiislamu, vinamruhusu mpangaji kupangisha isipokuwa mwenye mali akiwa ameweka sharti la kukataza au la kuombwa idhini.

Atasema mtu: "Mimi mkataba wangu haukutaja jambo hilo." Hapa Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inalihesabu sharti hilo kuwamo katika mkataba wa upangaji hata lisipoandikwa: mpangaji asimpe mwingine eneo lote au sehemu yake bila idhini ya maandishi ya mwenye mali. Basi aliyepanga chini ya sheria hiyo ameshaingia katika sharti. Na kwa upande wa pili, mwenye mali naye hatakiwi kunyima idhini bila ya sababu ya maana.

Anayeumia zaidi ni yule wa tatu. Mzazi mmoja wa hapa kwetu alilipa kilemba na kodi ya miezi sita kwa mtu aliyemdhania kuwa ndiye mwenye fremu. Mwezi wa pili akakuta kufuli jipya mlangoni, na bidhaa zake zimo ndani. Mwenye mali hakumjua. Aliyepokea fedha hakupatikana tena kwenye simu. Watoto wake wawili walikosa madrasa muhula mzima kwa kukosa nauli.

Nilimjibu yule mwanafunzi hivi: baba asiendelee kuficha. Aende kwa mwenye mali pamoja na yule aliyemwingiza, waombe idhini iandikwe. Akikubali, 150,000 ni yake kwa kauli ya Mashafi'i. Akikataa kwa sababu ya haki, amrudishie mwenzake kilemba na kodi ya miezi ambayo hakuitumia.