Mkasa mkubwa ukitokea tao, wewe utafanya nini?

Hebu fikiria hivi. Ni Ijumaa asubuhi, uko tao, ofisini orofa ya nne. Ghafla unasikia mlio mkubwa huko nje, kisha mayowe. Sema ukweli: utafanya nini kwanza?

Wengi wetu tutakimbilia dirishani. Simu juu, kamera tayari.

Hivyo ndivyo watu walivyofanya Agosti 7, 1998, ingawa hawakuwa na simu za kamera. Lori lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani, karibu na makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue. Kukasikika mlipuko mdogo na milio ya risasi. Waliokuwa kwenye majengo ya karibu wakasogea madirishani kuchungulia. Muda mfupi baadaye bomu lenyewe likalipuka, na vioo vikageuka visu. Watu 213 walifariki hapa Nairobi, na wengine wapatao 5,000 wakajeruhiwa. Wengi walikatwa na vioo usoni na machoni. Kuna waliopofuka kabisa.

Kama una miaka ishirini na kitu, pengine hukuwa umezaliwa. Lakini kilichofuata baada ya mlipuko ule kinakuhusu sana.

Wakenya hawakungoja kuitwa. Walifukua vifusi vya jengo la Ufundi kwa mikono mitupu. Matatu, pikapu na magari ya watu binafsi yakageuka ambulensi. Huo ulikuwa utu, na uliokoa maisha. Tatizo ni kwamba hakukuwa na mpango mmoja wa kuongoza utu huo. Majeruhi wengi walikimbizwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ikafurika. Aliyekwaruzwa mkono na aliyekuwa akivuja damu tumboni wakajikuta kwenye mlango mmoja, wakisubiri madaktari walewale.

Hilo ndilo funzo ambalo bado hatujalishika vizuri: mkasa mkubwa ukitokea, moyo wa kusaidia hautoshi. Huruma bila mpangilio inaweza kumnyima nafasi yule aliyeihitaji zaidi.

Angalia inavyoenda kwa kawaida. Anayeweza kutembea ndiye hufika hospitalini kwanza, kwa sababu anajitoa mwenyewe. Anayepiga mayowe hubebwa mapema, kwa sababu anasikika. Aliyenyamaza pale chini, ambaye hana hata nguvu za kulia, huachwa hadi mwisho. Na mara nyingi huyo ndiye anayekata roho.

Ndiyo maana wahudumu wa dharura hufanya kitu ambacho ukikiona mara ya kwanza unaweza kudhani hawana roho. Huwapita watu wakilia. Wanachuja majeruhi kwa rangi. Kijani ni wa kutembea. Huyo anaweza kusubiri. Manjano ameumia vibaya lakini hali yake haijayumba. Nyekundu lazima ahudumiwe sasa hivi: anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au haelewi hata ukimwambia afinye mkono wako. Nyeusi ni aliyefariki, au ambaye nafasi yake ya kupona ni finyu mno kwa vifaa na watu waliopo.

Rangi hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Siku ya kawaida, daktari humpigania mgonjwa mmoja kwa kila alicho nacho. Siku ya mkasa, akifanya hivyo, wengine watatu wanaweza kufa wakingoja. Lengo hubadilika: kuokoa watu wengi iwezekanavyo. Kwa hivyo ukimwona mhudumu akimpita rafiki yako aliyeshikilia mkono uliovunjika, usimvute shati wala kumtusi. Anahesabu maisha.

Baada ya kuchuja huja kugawa. Lazima awepo mtu mmoja pale anayejua hospitali gani ina vitanda, ipi ina chumba cha upasuaji kilicho tayari, na nani aende wapi. Si lazima kila mtu apelekwe hospitali ya karibu au ile kubwa. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, ambapo watu 148 waliuawa, majeruhi waliokuwa hali mahututi walisafirishwa kwa ndege hadi Nairobi. Nao wazazi waliokuwa wakitafuta watoto wao walikusanyika Uwanja wa Nyayo kupata habari. Hilo pia ni sehemu ya mpango. Familia zisipokuwa na mahali pa kuuliza, hutanga wodi hadi wodi, na milango ya hospitali hujaa watu wasio wagonjwa.

Sasa tuje kwa damu. Baada ya shambulio la Westgate, Septemba 21, 2013, ambapo watu 67 waliuawa, Wakenya walipiga foleni ndefu Uhuru Park kutoa damu. Picha zile zilitupa moyo. Ila kuna jambo watu husahau: damu haitoki kwa mkono wako ikaingia kwa mgonjwa papo hapo. Lazima ipimwe kwanza virusi vya HIV, homa ya ini na kaswende. Kwa hivyo damu inayomwokoa mtu saa ya kwanza ni ile iliyotolewa na mtu fulani wiki zilizopita, siku ambayo hakukuwa na habari yoyote kwenye runinga. Tena haikai milele. Baada ya wiki chache huharibika. Ukitaka kusaidia siku ya mkasa, toa damu siku ya kawaida.

Na wewe uliye pale mkasa unapotokea?

Kwanza, usiwe majeruhi wa ziada. Ukisikia mlipuko, kaa mbali na dirisha. Lori la mafuta likianguka, toroka, hata kama mtaa mzima unakimbilia na mitungi. Januari 31, 2009, pale Sachang'wan, zaidi ya watu 100 walifariki lori la petroli liliposhika moto huku watu wakichota.

Pili, piga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Taja mahali kwa alama inayojulikana: steji, petroli stesheni, shule. Sema ni watu wangapi hivi wameumia, na kama kuna moto, gesi au waya za stima.

Tatu, zuia damu. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, na usiachilie kila saa kuchungulia kama imekatika. Hiyo peke yake inaweza kumfikisha mtu hospitalini akiwa hai.

Nne, usimkimbize mtu aliyeumia shingo au mgongo kwa boda, amebanwa mshikaki katikati ya watu wawili. Kama hapo alipo hakuna hatari, mwache alale palepale hadi wahudumu wafike.

Tano, wapishe. Ambulensi ikikwama kwenye umati wa watu wanaorekodi, wewe ni sehemu ya jam.

Na ujue haki yako. Katiba, Kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inaongeza kuwa hospitali yenye uwezo ikikataa kutoa matibabu hayo inaweza kutozwa faini ya hadi Sh3 milioni. Kwa hivyo ukiulizwa "deposit iko wapi?" kabla mtu hajazuiwa damu, una la kujibu.

Mwisho, kazi ya nyumbani. Wiki hii uliza pale unaposomea, unapofanya kazi au unapoabudu: mlango wa dharura uko wapi, na unafunguka? Nani hapa amesomea huduma ya kwanza? Tukitoka mbio, tunakutana wapi tuhesabiane? Wakikuangalia tu bila jibu, basi hakuna mpango. Anzeni kuupanga sasa, kabla hamjauhitaji.