Sumukuvu: Mahindi yanayozuiwa mpakani huliwa na nani?

Tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliamuru kusitishwa mara moja kwa uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania. Sababu iliyotolewa ni kwamba vipimo vilionesha sumukuvu, ijulikanayo pia kama aflatoksini, kwa kiwango kisicho salama kwa mlaji. Malori yalikwama Busia na Namanga, na wafanyabiashara wa pande zote wakalalamika. Siku chache baadaye amri hiyo ililegezwa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, asili ya mahindi ijulikane, na kila shehena iwe na cheti kinachothibitisha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa kila sehemu bilioni moja. Hicho ni kiwango kidogo mno, sawa na gramu moja ndani ya tani 100 za mahindi.

Sumukuvu hutokana na kuvu, hasa aina iitwayo Aspergillus flavus, ambayo huishi udongoni na hupenda mahindi na karanga. Huanza kuishambulia mimea shambani, hasa iliyodhoofishwa na ukame, kisha hustawi ghalani pale nafaka inapohifadhiwa ikiwa na unyevu. Wanasayansi waliitambua baada ya bata mzinga zaidi ya laki moja kufa nchini Uingereza mwaka 1960 kutokana na chakula kilichochanganywa na mashudu ya karanga. Moto wa kawaida wa jikoni hauimalizi, hivyo ugali uliopikwa ukaiva vizuri waweza bado kuwa na sumu. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi hujiweka katika hatari ya saratani ya ini, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Anayeila kwa wingi aweza kufa katika muda mfupi.

Hilo si jambo la kufikirika. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni na Kitui mashariki mwa Kenya na sehemu jirani, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki dunia. Mwaka 2016 vifo vilitokea pia katikati mwa Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Katika mkasa wa Kenya, wengi wa walioathirika walikuwa wamekula mahindi waliyoyalima wenyewe, yakavunwa wakati wa mvua na kuwekwa ndani ya nyumba kabla hayajakauka.

Hapa ndipo udhaifu wa amri za mpakani unapoonekana. Forodha hupima kile kinachovuka tu. Mahindi yaliyo katika kihenge cha mkulima, au yanayopelekwa kwenye mashine ya kusaga ya kijijini, kwa kawaida hayapimwi na mtu yeyote. Sudan Kusini nayo iliyazuia malori ya nafaka kutoka Uganda mwaka 2023, na swali likawa lile lile: shehena iliyokataliwa huenda wapi? Isipoteketezwa au kutengewa matumizi mengine, hurudi sokoni ilikotoka, kwa bei ya chini, na mnunuzi wa bei ya chini ndiye asiye na uwezo wa kuchagua.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria mwaka 2019 kwamba takriban asilimia 14 ya chakula duniani hupotea baada ya mavuno, kabla ya kufika madukani. Mazungumzo kuhusu kuilisha dunia huelekea zaidi kwenye mbegu na mbolea. Kuanika huonekana kazi ndogo. Hata hivyo mbinu zinajulikana. Mahindi huanikwa juu ya turubai badala ya ardhi tupu, punje zilizooza au kuvunjika huchambuliwa, na zilizokauka huwekwa katika mifuko isiyopitisha hewa. Asiye na kipimo aweza kutia punje na chumvi kavu katika chupa kavu na kuitikisa: chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Ipo pia dawa ya kibiolojia, Aflasafe, ambayo husambaza shambani kuvu isiyotengeneza sumu ili iizidi nguvu ile yenye sumu.

Kikwazo kigumu zaidi kimo kwenye mizani. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mkulima mwenye kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 20, akiyakausha hadi kiwango hicho, hubakiwa na kilo 92 na nusu hivi. Mchuuzi anayefika shambani na kulipa bei moja kwa mahindi makavu na mabichi humwadhibu aliyeanika kwa kilo saba na nusu, mbali na siku alizozitumia kuyageuza juani na kuyakimbiza ndani kila wingu lilipotanda.