Kabla ya Karatasi ya Majibu

Anayetoka Feri, Magogoni, akaifuata barabara ya pwani kupita eneo la Ikulu, hukutana na majengo ya kale ya Ocean Road. Wajerumani waliyajenga yawe hospitali, na mwaka 1897 yakaanza kazi. Mwaka huohuo Robert Koch, daktari wa Kijerumani aliyekwisha kuvuma kwa kugundua bakteria wa kifua kikuu, aliwasili Dar es Salaam akitokea India. Alikaa nchini hadi 1898, akipaka damu za wagonjwa kwenye vioo, akizitia rangi na kuvisaka vimelea vya malaria kwa hadubini.

Hospitali ile leo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kazi aliyoifanya Koch, hata hivyo, inaendelea kila asubuhi katika zahanati na maabara za mjini, kuanzia Mnazi Mmoja hadi vichochoro vya Kariakoo: kidole kinatobolewa, tone linapakwa kwenye slaidi, rangi inamwagwa juu yake. Rangi inayotumika sana ni ya Giemsa, iliyopewa jina la mkemia wa Hamburg, Gustav Giemsa, aliyeiboresha mwaka 1904. Hukipa kiini cha kimelea wekundu na mwili wake ubuluu, jicho likavitofautisha.

Rangi hiyo ni kitendanishi, yaani kemikali inayokutana na damu ili kisichoonekana kionekane au kipimike. Wananchi wengi wakitaka kuisifu maabara huisifu mashine yake: mpya, ya kisasa, inatoa majibu kwa dakika chache. Uzito wa majibu hauko hapo. Rangi ya Giemsa ikizimuliwa kwa maji yenye asidi, vimelea hufifia, na hadubini ya mamilioni itamwambia mgonjwa wa malaria kwamba hana malaria.

Mashine ya kuhesabu chembe za damu, ile inayotoa kipimo kinachojulikana hospitalini kama FBP, inaonyesha jambo hilo vizuri. Msingi wake uliwekwa na Mmarekani Wallace Coulter, aliyepata hataza mwaka 1953. Damu huzimuliwa kwa maji ya chumvi, kisha hupitishwa kwenye tundu dogo sana lenye mkondo wa umeme. Kila chembe inapopita, umeme hutikisika kidogo; mashine huhesabu mitikisiko na kupima ukubwa wake. Ili chembe nyeupe zihesabiwe, dawa nyingine huvunja kwanza chembe nyekundu, maana nyekundu ni nyingi mara mamia. Maji yale yakiingia vumbi, vumbi nalo litahesabiwa. Dawa ya kuvunja ikiwa dhaifu, chembe nyekundu zilizosalia zitaonekana kama nyeupe, na mtu asiye na maambukizi ataonekana anayo.

Kosa linaweza kuanza hata kabla ya damu kufika mashineni. Vifuniko vya rangirangi vya tyubu si mapambo. Tyubu ya kifuniko cha zambarau ina EDTA, inayoikamata kalisi ya damu ili isigande. Damu ya FBP huwekwa humo. Damu ya kupima sukari inafaa iwekwe kwenye tyubu ya kifuniko cha kijivu yenye floraidi, kwa sababu chembe za damu huendelea kula sukari zikiwa ndani ya tyubu, na kiwango hushuka saa hadi saa. Mhudumu akimimina damu kutoka tyubu ya zambarau kwenda nyekundu ili kumwepusha mgonjwa na sindano ya pili, huruma hiyo huleta hatari: potasiamu hupanda juu ajabu na kalisi hushuka, na daktari anaweza kuanza kutibu ugonjwa ambao haupo.

Kisha kuna joto la Dar es Salaam. Vitendanishi vingi vya kemia ya damu na vya kupima makundi ya damu hutakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Umeme ukikatika mchana wa Februari na jokofu lisiwe na jenereta nyuma yake, chupa hubaki na sura ileile, lebo ileile, nguvu ikiwa imepungua. Ndiyo maana maabara makini hupima kwanza, kila siku, damu maalumu ambayo majibu yake yanajulikana. Yasipolingana, kazi husimama.

Gharama nayo haikwepeki. Mashine nyingi hukubali vitendanishi vya mtengenezaji wake tu. Hospitali inaweza kupewa mashine kwa msaada, ikakaa imefunikwa kitambaa kwa sababu chupa zake zimekwisha na bajeti haikuzifikiria. Anayetoa msaada wa mashine bila vitendanishi vya mwaka mzima ametoa nusu ya msaada.

Madhara ya kutopima vizuri yanajulikana. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kabla ya dawa. Utafiti uliochapishwa 2014, uliohusisha watoto 1,005 wenye homa jijini Dar es Salaam na Ifakara, ulikuta malaria kwa asilimia 10.5 tu, wengi walikuwa na maambukizi ya virusi. Hata hivyo bado mtu hutoka maabara akiwa ameandikiwa "malaria na taifodi" kwa pamoja. Kipimo cha Widal, kilichobuniwa 1896, hutumika bado kwa taifodi, ingawa kinaweza kuonyesha ugonjwa uliopita zamani, na kipimo kimoja pekee hakitoshi kuthibitisha.

Sheria ipo. Maabara binafsi zina bodi yake tangu sheria ya 1997, na vitendanishi husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Lakini mkaguzi hawezi kusimama kila dirisha. Msomaji anayekwenda kupima damu aangalie kama cheti cha usajili kimetundikwa, ahakikishe sindano inafunguliwa mbele yake, na asinyanyuke kitini kabla jina lake halijaandikwa kwenye tyubu. Akiona shaka, aulize. Mtaalamu anayejua kazi yake hatachukizwa.